Moshi Juu ya Paa la Heaika

Jumatatu, 9 Septemba

Risten amenipa daftari hili niandike kazi ya kufuma, si kitu kingine. Basi nianze na kazi. Tunafuma rátnu, blanketi zito la sufu ambalo watu wa ghuba yetu walilala chini yake tangu zamani, mita moja na nusu kwa mbili, nyeupe, kijivu na kahawia, rangi zilezile kondoo walizozaliwa nazo. Wafumaji ni mimi Hansine, miaka sitini na tisa, na jirani yangu Oddny, ambaye mdomo wake unakwenda kasi kuliko mikono. Likimalizika litatundikwa katika nyumba mpya ya mazungumzo ambayo manispaa inaifungua Jumamosi tarehe 23 Novemba. Wiki hiyo ndiyo jua, huku kaskazini ya mbali, linatuaga hadi Januari.

Risten mwenyewe ni muuguzi wa afya ya akili. Kwao ni nyanda za juu, huko ambako watu wanaongea Kisami, lugha ya wazee wetu, dukani bila kugeuka kuangalia nani anasikia. Sisi wa pwani lugha tuliiacha mlangoni mwa shule ya bweni. Mwaka jana ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano kuhusu shule hizo iliposomwa kwenye televisheni, nilizima nikaenda kumenya viazi.

Kaka yangu Heaika amekubali kutuletea mawe.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Tumechagua nyuzi za mtande, zile za kusimama. Oddny amelalamika mgongo.

Jumamosi, 14 Septemba

Kondoo wameshuka kutoka mlimani, wote salama isipokuwa mmoja wa Arvid, mume wa Oddny; kondoo huyo amevunjika mguu. Nyumba nzima inanuka sufu mbichi.

Heaika ameleta mawe ishirini na manane kwa toroli. Mtambo wetu wa kufumia unasimama umeegemea ukuta, nyuzi za mtande zinaning'inia kutoka juu, na kila fungu la nyuzi linafungwa jiwe ili likaze. Mawe huokotwa na wanaume. Baba alimwokotea mama, na kitambaa kikikatwa aliyarudisha palepale pwani, kwa sababu mama alisema mawe ni ya kuazima. Heaika anajua jiwe zuri. Analipima kiganjani, anafumba macho, halafu analikubali au analitupa.

"Hili limenona," akaniambia leo. "Linafanana na wewe."

Nilicheka. Ana miaka sabini na moja, mrefu, hakuoa, anaishi peke yake nyumba ya chini karibu na banda la mashua, hatua mia mbili kutoka kwangu. Majira ya joto yote alikuwa kimya mno, na leo ametania. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika katika daftari la kazi.

Jumanne, 17 Septemba

Mistari kumi na miwili. Kila asubuhi nikiweka kahawa motoni natazama dirishani kama bomba la jiko la Heaika linatoa moshi. Ni mazoea tu. Moshi upo.

Alhamisi, 26 Septemba

Risten alikuja kutuona tukifuma. Oddny akamfundisha kupitisha uzi wa mshindio, ule wa kulala, kwa vidole, mimi nikampa kipigio cha mfupa wa nyangumi, cha bibi yangu, apige uzi kwenda juu. Alipiga kidogo kidogo.

"Mtoto wa watu, unambembeleza?" Oddny akamwambia. "Piga! Hilo blanketi, si mume."

Risten akacheka hadi akakaa chini. Kisha akatuambia nyumba ya mazungumzo itakuwa wapi. Ni jengo la zamani la shule ya bweni, ng'ambo ya ghuba. Wamelitengeneza, wamepaka rangi ya manjano. Rátnu letu litatundikwa chumba cha juu.

"Bweni la wavulana," nikasema.

"Ndiyo, Mama Hansine. Tulitaka mahali palepale. Watu watakaa humo wafanye kazi za mikono na kusema yaliyowapata, kama wanataka. Nikikosea niambie."

Heaika alikuwa mlangoni na kikapu cha kuni. Aliweka kuni chini, kijiti kimoja kimoja, akatoka bila kunywa kahawa.

Ijumaa, 27 Septemba

Moshi upo.

Jumapili, 6 Oktoba

Theluji imefika nusu ya mlima. Heaika hakuja kula. Nilimpelekea nyama ya kondoo na kabichi, akaipokea mlangoni. Amekonda. Shingoni alikuwa na skafu yake ya kijani, ile ya jino. Kaka yangu analala na skafu imefungwa kuzunguka taya tangu alipokuwa mvulana, eti jino linamuuma. Wavuvi walioenda naye baharini walimwita Jino, na hata mimi nimemtania hivyo miaka yote.

"Jino tena?" nikamuuliza.

"Jino," akajibu, akafunga mlango.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mistari tisa tu. Oddny anasema ukingo wangu wa kushoto unaingia ndani. Nimemwambia wa kwake wa kulia ndio mbaya.

Arvid amepita akionyesha kisu alichopewa na Heaika. Ni kisu cha baba, mpini wa mfupa. Arvid anafurahi kama mtoto, anasema, "Nimekisifu miaka thelathini, leo mzee kaamua!"

Nilipiga uzi kwa nguvu hadi Oddny akanishika mkono. Kaka yangu hawezi kumpa mtu kisu cha baba. Nimeogopa ghafla, na sijui hasa naogopa nini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Moshi upo, lakini ulichelewa hadi saa nne.

Jumatatu, 14 Oktoba

Moshi upo.

Heaika ameivuta mashua nchi kavu, na samaki bado wapo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Heaika alikuja kurekebisha mguu wa mtambo. Alitundika koti lake ukumbini. Nilipolisogeza nipite, msumari uling'oka na koti likaanguka kwa kishindo. Nikaliinua. Lilikuwa zito sana. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta mawe. Mifuko yote miwili, mawe mazuri ya pwani, yaliyochaguliwa. Niliyahesabu kwa vidole bila kuyatoa. Tisa.

Mtambo wetu hauhitaji mawe zaidi. Nilisimama pale ukumbini nimekumbatia koti. Kutoka chumbani Oddny alikuwa anamsimulia juu ya mpwa wake na gari jipya, naye anajibu "ehe, ehe" kwa adabu.

Niliurudishia msumari ukutani, nikatundika koti mahali pake. Alipoondoka nilimwambia, "Kaka, angalia barafu njiani."

Hilo ndilo neno langu lote. Kwetu hatuulizi. Mama hakuuliza tulipotoka shule wakati wa Krismasi tukiwa hatuongei, baba hakuuliza, na sisi hatukuulizana. Ukimuuliza mtu naye anaweza kukuuliza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeamka saa kumi kuusubiri moshi. Ulitoka saa mbili na robo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Moshi upo.

Jumapili, 20 Oktoba

Moshi upo. Nimetembea hadi kwake mara tatu na visingizio: mayai, gazeti, mayai tena. Mara ya tatu akasema, "Kuku wako wana bidii."

Jumatatu, 21 Oktoba

Oddny ndiye aliyenisukuma. Nimemwambia habari ya mawe, naye akaacha uzi katikati ya mstari.

"Kisu," akasema. "Na mashua. Hansine, mpigie Risten sasa hivi, la sivyo nampigia mimi, na mimi nikianza sinyamazi."

Nimempigia. Nilisema yote kwa mkupuo hata Risten akanikatiza kuniambia nivute pumzi. Halafu akasema, "Mama Hansine, muulize. Muulize wazi kama anawaza kufa. Usizunguke."

"Nikimuuliza si nitampa wazo?"

"Hapana. Hilo wazo likiwapo, litakuwa limeingia bila wewe. Ukiuliza anakuwa na mtu wa kulishika pamoja naye. Nije tuwe wote?"

Nikasema nitaanza mimi. Akaniambia atakuwa kwenye gari juu ya barabara, simu mkononi. Kesho saa sita mchana.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika yote, na Risten atanisamehe kuhusu kazi ya kufuma.

Nilishuka na sufuria ya samaki na maini yake, chakula anachokipenda. Tulikula. Mvua ya theluji ilikuwa inapiga dirisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri njiani, yote yakatoroka.

"Kaka," nikasema, "mawe yaliyo kwenye koti lako ni ya nini?"

Akaendelea kutoa mifupa ya samaki, akaipanga pembeni mwa sahani.

"Unapekua makoti ya watu siku hizi?"

"Lilianguka. Heaika, unawaza kufa?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Sikuwahi kuona macho ya kaka yangu yametulia usoni kwangu muda mrefu hivyo. Nilitaka kukimbia. Nilishika meza.

"Huwa nayabeba nikitembea pwani," akasema. "Nione uzito wake. Ndiyo, mdogo wangu. Nawaza."

Nililia palepale, kwa sauti, bila aibu. Yeye akanisogezea taulo la vyombo. Akasema amechoka. Nikadhani amechoka na maisha, akasema hapana, amechoka kwa kukosa usingizi. Hajalala usingizi wa kweli tangu akiwa na miaka tisa, na tangu aliposikia rátnu linakwenda bweni la wavulana hata ule wa vipande umekwisha.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Shuleni, taa zikizimwa, alikuwa anavuta blanketi kichwani na kuhesabu kondoo wa mama kwa Kisami, kwa kunong'ona, asije akasahau. Kunong'ona hata mtu wa kitanda cha pili asisikie. Siku moja mlezi wa bweni akamwita mbele ya wote, akasema kwa jina alilopewa shuleni, "Henrik, umesikika kitandani ukiongea lugha ile," akamfungia stoo ya viazi chini ya ardhi, siku mbili.

"Sikuwa nimesikika," Heaika akasema. "Nilikuwa makini. Kwa hiyo nilijua ni usingizini. Nikilala naropoka. Mdomo wangu wenyewe ulinichongea. Tangu hapo naufunga." Akagusa taya. "Haikuwa jino. Nikiwa na miaka ishirini na sita kulikuwa na msichana kule visiwani alinitaka. Nitalalaje na mtu? Nitasema nini usiku?"

Risten alishuka nilipompigia. Walikaa wawili hadi giza likaingia saa kumi na moja. Heaika amekubali Risten aje kila baada ya siku moja, na Arvid alale kwake chumba cha nje kwa sababu eti jiko la Arvid limeharibika. Heaika akasema, "Jiko la Arvid zima kabisa, ila na aje."

Mimi nimerudi nyumbani. Nimekaa mbele ya mtambo bila kugusa uzi.

Kuna mtu mmoja tu aliyejua kwamba Heaika anahesabu kondoo chini ya blanketi. Aliniambia mwenyewe, nyuma ya banda la kuni, ili niache kulia. Nilikuwa na miaka saba. Mlezi wa bweni aliniita chumbani kwake, akanipa pipi nyekundu, akaniuliza kama kaka yangu bado anaongea ile lugha. Nilimwogopa kuliko Mungu. Nikasema, "Kitandani. Anahesabu."

Niliila ile pipi yote.

Jumatano, 23 Oktoba

Moshi upo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Moshi upo. Mistari miwili. Siwezi.

Jumanne, 29 Oktoba

Risten anasema anaendelea vizuri kiasi. Anakula. Halali.

Mimi najua kinachomnyima usingizi, na kimo mdomoni mwangu. Nikisema, atajua hakuropoka, mdomo wake haukumsaliti kamwe. Lakini atajua pia nani alimsaliti, naye hana mtu mwingine duniani ila mimi. Je, akiondokewa na huyo mmoja? Naogopa nikisema nitamuua, na naogopa nikinyamaza nitamuua. Na kuna hofu ya tatu, ndogo na chafu, ambayo nitaiandika kwa kuwa nimeanza: naogopa atanichukia.

Jumatatu, 4 Novemba

Moshi upo. Oddny amefuma peke yake siku mbili, pande zote, akihama kama kaa kulia na kushoto. Hajaniuliza kitu. Nimeona ameweka kipande cha mkate mahali pangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Risten. Nilidhani atanitazama vibaya. Alinishika mikono yote miwili.

"Ulikuwa na miaka saba," akasema.

"Nina sitini na tisa. Nimekuwa na muda."

"Kweli. Basi usimwambie ukiwa peke yako, na usimwambie jioni. Niwe chumbani. Na baada ya hapo hatutamwacha peke yake, atake asitake."

Tumepanga Alhamisi ijayo, mchana.

Jumapili, 10 Novemba

Jua limeonekana dakika arobaini, juu ya kisiwa, jekundu.

Alhamisi, 14 Novemba

Tulikuwa wanne: Oddny na mimi mbele ya mtambo, Heaika kwenye benchi akituviringia uzi, Risten karibu na jiko. Uzi ulinikatika. Nilimshukuru Mungu kwa mtambo, kwa sababu mtu akifuma anatazama kitambaa, hatazami watu.

"Kaka," nikasema kwa kitambaa, "hukuropoka usingizini. Ni mimi niliyekuchongea. Mlezi aliniita akaniuliza, nikamwambia unahesabu kitandani. Alinipa pipi."

Nyuma yangu uzi uliacha kuviringika. Oddny akashusha kipigio taratibu kabisa.

Nilisubiri. Nilikuwa natazama mistari ya kijivu na kahawia, naona kila unyoya. Niligeuka mwishowe kwa kuwa sikuweza kuvumilia. Alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama mtambo, ukingo wa kushoto, uso wake mweupe.

"Ilikuwa pipi gani?" akauliza.

"Nyekundu."

Akainuka, akavaa koti, akatoka. Risten akamfuata. Arvid alilala huko, na Risten alikaa nao hadi usiku.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa tatu asubuhi, giza la bluu, moshi haupo.

Nilisubiri dakika tano. Moshi haupo. Nilimpigia Arvid, akapokea na sauti ya usingizi: "Yumo chumbani kwake, mlango... ngoja... Hansine, kitanda kitupu."

Nilikimbia na ndara za ndani. Nilianguka mara mbili kwenye barafu, goti langu limepasuka, na sikusikia maumivu hadi jioni. Nilikuwa natamka jina lake, si Henrik la shule bali Heaika, kwa sauti ambayo majirani wote wameisikia. Skafu ya kijani ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango wake. Koti halikuwapo.

Nilimkuta kwenye banda la mashua. Alikuwa amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, mzima, mikono magotini, na miguuni pake ndoo ya mawe. Nilisimama mlangoni.

"Miaka sitini na miwili, Hansine!" akasema. Halafu akapaza sauti, na mimi sijawahi kumsikia kaka yangu akipaza sauti, hata baharini. "Miaka sitini na miwili nimejifunga kama mbwa! Nimelala na watu nimekaza meno! Nilikuogopa hata wewe usinisikie! Na ulikuwa unaniita Jino!"

"Ndiyo," nikasema.

"Ulikuwa unacheka!"

"Nilikuwa nacheka. Sikujua."

"Ungeuliza!"

Nilikaa chini pale mlangoni, kwenye barafu. Arvid akafika akihema, buti hazijafungwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavua koti lake akanifunika. Kisha akaenda kukaa kando ya Heaika juu ya mashua, bega kwa bega. Risten alipofika Heaika alikuwa bado anatetemeka kwa hasira. Alikubali kwenda naye kwa daktari leoleo, na amerudi na miadi na dawa ya siku chache. Kabla ya kuingia garini alisema bila kunitazama, "Sikuwa nakwenda kokote. Nilitaka tu mahali pa kupigia kelele."

Risten anasema hasira si habari mbaya. Mimi bado naogopa. Nimefunga goti.

Jumamosi, 16 Novemba

Moshi upo.

Jumapili, 17 Novemba

Moshi upo. Hanisalimu.

Jumatatu, 18 Novemba

Moshi upo. Mistari kumi na mitano, lakini bado limepungua shubiri tatu na ufunguzi ni Jumamosi. Oddny anasema tukifuma kutwa nzima tutamaliza Ijumaa jioni, mgongo wake utakufa shahidi.

Jumanne, 19 Novemba

Moshi upo. Hanisalimu, lakini Arvid anasema amekula mayai yangu.

Alhamisi, 21 Novemba

Jua halikutoka. Wamesema kesho ndiyo siku yenyewe ya kuagana nalo, ila mawingu yamelitangulia.

Saa saba mchana mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Heaika, na ndoo.

"Ukingo wa kushoto unaingia ndani," Heaika akasema. "Niliuona siku ile. Mtande wa pembeni umelegea, uzito hautoshi."

"Si nilikuambia!" Oddny akaniambia.

Alipiga magoti, polepole kwa ajili ya umri, akafunga mawe pembeni, matano kushoto na manne kulia. Yale tisa. Nilikuwa namshikia nyuzi. Vidole vyetu viligusana na hakuondoa chake. Alipomaliza alivuta mtande kwa kidole kimoja, ukakaza sawasawa.

"Yanarudi pwani ukikata kitambaa," akasema. "Ni ya kuazima."

"Najua."

"Utayarudisha wewe. Mimi sitaki kuyabeba tena."

Akakaa kwenye benchi. Nikampa kahawa na mkate, akala. Sisi tukaendelea kufuma, maana shubiri moja na nusu ilikuwa bado. Baadaye akaniita.

"Mdogo wangu. Naweza kulala hapa kidogo?"

"Lala."

Akagusa taya. Skafu hakuja nayo. "Nikisema kitu?"

"Sema."

"Huyo Oddny atatangaza ghuba nzima."

"Mimi?" Oddny akasema. "Mimi kaburi!"

Heaika akacheka kidogo puani. Akajilaza ubavu, uso umeelekea kwetu, akatutazama tukipiga uzi, kisha macho yakafumba. Alilala kama nusu saa kimya. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake badala ya mistari. Halafu midomo yake ikaanza kutembea, na sauti ikatoka, si ya mzee: okta, guokte, golbma. Moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu kondoo. Alifika saba, akanyamaza, akaanza tena mwanzo, bila haraka.

Oddny alikuwa ameinua kipigio. Akakishusha, akakilaza sakafuni juu ya sufu kisigonge. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Tulikaa hivyo na mikono mapajani hadi giza likajaa chumba, tukawasha mshumaa mmoja. Alikuwa bado amelala. Oddny alitoka kwa ncha za vidole, akaninong'oneza mlangoni, "Halitakwisha kesho."

"Halitakwisha."

Nimempigia Risten kutoka jikoni, nikamwambia Jumamosi watatundika kitambaa kisichokamilika, na kama haiwezekani basi watundike kitu kingine. Akauliza kwa nini. Nikasogeza simu hadi mlangoni mwa chumba. Alisikiliza muda mrefu. Yeye anaelewa kila neno. Akasema watakuja kuubeba mtambo mzima, na mawe yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Saa nne asubuhi. Nimeweka kahawa motoni, nikatazama dirishani. Moshi haupo. Theluji juu ya paa la Heaika ni safi, na bomba ni baridi tangu jana mchana.

Nimekaa jikoni, mlango wa chumba uko wazi. Heaika bado amelala, anahesabu. Sasa yupo kwenye tano. Kahawa yake nimeisogeza pembeni mwa jiko, isipoe.